Mwezi mmoja na neno "set": darasa la Kiingereza la jioni, Mtwara mjini

Mafundi wenzangu wananiuliza kila siku kama lile darasa la nyuma ya steshenari, karibu na Soko Kuu, linafundisha kweli au linakula hela za watu. Nimelisoma mwezi mzima bila kukosa siku. Linafundisha. Lina kasoro pia, na nitazisema, lakini kwanza nieleze kilichonipeleka, kwa sababu bila ile nguzo nisingekanyaga pale.

Mimi ni fundi mwashi, mwaka wa 19 huu nashika mwiko. Miaka sita iliyopita nilikuwa kwenye saiti moja hapahapa Mtwara, jengo la ghorofa mbili, na msimamizi wetu alikuwa mgeni ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "habari" na "haraka". Saa 3 asubuhi tukamaliza kumwaga zege la nguzo ya kona. Akaitazama, akaniambia maneno matatu, "Let it set", akaingia kwenye gari akaondoka.

Sasa, neno hilo sisi mafundi tunalo. Kuseti ni kukiweka kitu sawa kwenye mstari wake. Unaseti msingi kwa kamba na vigingi, unaseti fremu ya mlango, unaseti nguzo kwa timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima. Nikaelewa kwamba ameona nguzo haijanyooka, anataka niiseti. Nikashusha timazi, na kweli, ilikuwa imelalia upande wa barabara kiasi cha upana wa kidole. Ikifika saa 5 na nusu nikalegeza mirunda, ile miti ya kuegemeza, nikamwita saidia fundi, tukasukuma boksi, yaani mbao zinazolishikilia zege, mpaka timazi ikakubali.

Yule mgeni alikuwa amesema tuliache zege lishike. Yaani tusiliguse kabisa. Kwa kiwango cha Ulaya, saruji ya 42.5 (namba hizi ni za daraja la nguvu yake) haitakiwi kuanza kushika kabla ya dakika 60, na ya 32.5 kabla ya dakika 75, na jua la huku kwetu huharakisha mambo. Mimi niliisukuma nguzo saa mbili na nusu baada ya kumwaga, wakati zege limeshaanza kushikana na nondo. Tulipofungua boksi tukakuta ufa umezunguka chini yote, na pale ufa ulipopita kokoto zimeachana na chuma. Ikavunjwa kwa nyundo. Nilikatwa fedha ya siku nne, na mbele ya vijana niliowafundisha kazi mwenyewe nikaitwa mtu asiyesikia.

Fedha ilikuja ikarudi kwa kazi nyingine. Lile la kutosikia ndilo lililobaki kifuani. Nilisikia. Nilisikia vizuri, nikatii, na utii wangu ndio uliobomoa nguzo.

Basi, darasa lenyewe. Ukishapita akina mama wanaouza ming'oko ya kuchemsha, steshenari iko mkono wa kushoto, na kichochoro cha pembeni yake kinakupeleka kwenye chumba chenye mabenchi sita na ubao mweusi wa zamani. Vipindi ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa 11:30 jioni hadi saa 1:15 usiku, na katikati kuna dakika 15 za swala ya magharibi. Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi, unaruhusiwa kulipa mara mbili. Umeme ukikatika kuna taa ya sola, inatosha kuona ubao ukikaa benchi mbili za mbele, ukikaa nyuma haitoshi.

Mwalimu ni mstaafu wa sekondari. Hana haraka, hana kiboko, na hamkati mtu kauli. Tulikuwa wanafunzi 14: mimi, dada wa mapokezi kwenye gesti moja ya Shangani, kijana wa bodaboda, mama mmoja anayeandika vitabu vya chama cha msingi cha korosho, mhudumu wa hospitali, binti wa saluni, na wengine. Yupo pia mzee mvuvi kutoka Mikindani, mkubwa kuliko Mwalimu, na kila siku kabla ya somo Mwalimu humfuata pale alipokaa akampa shikamoo yake. Nilipoliona hilo siku ya kwanza nikajua hapa hatutatukanwa kwa kutokujua.

Utaratibu wake ndio unaowafukuza watu wiki ya kwanza. Mwezi mzima mnasoma neno moja kuu. Kuna sarufi, kuna insha, kuna mazungumzo, lakini yote yanazunguka neno hilohilo. Mwezi niliojiunga neno lilikuwa "set". Jirani yangu wa benchi akanong'ona kwamba elfu thelathini kwa herufi tatu ni wizi, na Jumatano hakuonekana tena. Namsikitikia.

Mwalimu alitueleza kwamba katika ile kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989 lenye juzuu 20, hakuna neno lililochukua nafasi kubwa kuliko kitenzi hiki. Maana zaidi ya 430, na maelezo yake peke yake ni kama maneno 60,000. Toleo jipya linaloandaliwa sasa, "run" limelipita, wahariri wamehesabu maana 645. Mhudumu wa hospitali akauliza, kwa hiyo Mwingereza anakariri maana 430? Mwalimu akasema hapana, mtoto wa Kiingereza hakariri hata moja. Akamgeuzia swali: wewe umekariri maana za "piga"? Piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga picha, piga hodi, piga magoti, piga chafya, piga makasia, piga kura. Nani alikufundisha? Chumba kikanyamaza. Mimi naamini hapo ndipo wengi wetu tulipoacha kukiogopa Kiingereza.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo thamani ya ada yote. Aliandika "weka" ubaoni, akalikata kwa mstari, akasema mwezi huu neno hili ni marufuku. Kamusi nyingi ndogo ukitafuta "set" zinakupa "weka", na ukishapewa "weka" unalala. Kila mmoja akatumwa nyumbani alete "set" ya kazini kwake, pamoja na kitenzi halisi ambacho watu wa kazi hiyo wanakitumia kwa Kiswahili.

Ijumaa hiyo sitaisahau. Dada wa gesti alianza: wageni humwambia "set the table", na yeye huandaa meza, mama yake mzazi, mtu wa Lindi, husema kuandika meza. Mama wa korosho akaleta "set the price", kupanga bei, na "set aside", kutenga, kama wanavyotenga korosho za daraja la pili zisichanganyike na za kwanza. Mhudumu wa hospitali akaleta "set a bone": kuunga mfupa, kuurudisha mahali pake kabla ya kufunga plasta. Binti wa saluni akasema yeye huseti nywele kila siku na hakuwa anajua kwamba ni neno lilelile. Kijana wa bodaboda akaleta "set off", kufunga safari, na "set him up", kumtegea mtu mtego ili apatikane na hatia, na akasimulia kisa chake cha namna hiyo, kirefu, ambacho Mwalimu alimwacha akimalize.

Halafu Mzee wa Mikindani. Alizungumza akiwa amekaa, taratibu. Mtego unategwa, alisema. Nyavu zinatandwa. Tanga linatwekwa. Nanga inatiwa. Akauliza, yote haya Mzungu anasema hilohilo moja? Mwalimu akajibu: matatu ya mwanzo ndiyo, unaweza kusema "set a trap", "set the nets", "set sail", ila nanga ina kitenzi chake, nanga huangushwa. Mzee akatikisa kichwa akasema, basi wana haja ya kuja kukaa nasi.

Sijawahi kujivunia Kiswahili kama siku ile. Nimekua nikiambiwa kwamba lugha yetu haina maneno, kwamba jambo la kitaalamu lazima lisemwe kwa Kiingereza. Na hapa neno moja la Kiingereza lilihitaji watu 14 wa kazi tofauti kulitafsiri, kwa sababu kila kazi kwetu ina kitenzi chake na hakiazimwi. Uji wa muhogo ukipoa unaganda. Saruji inashika. Moto unatiwa. Mfungwa anaachiwa. Saa ya kuamka inategwa. Mvua ikiingia kwa nguvu mwezi wa 12, huku tunasema mvua imeshika. Yote ni "set" kwa Mwingereza.

Wiki ya pili ndipo nilipopata ufunguo, nao ulitoka kwenye sarufi tuliyoisoma sote na kuidharau. Mwalimu aliandika "keti" na "ketisha", "lala" na "laza", "anguka" na "angusha", "nywa" na "nywesha". Kila mtu anazijua. Kisha chini yake akaandika za Kiingereza: "sit" na "set", "lie" na "lay", "fall" na "fell", "drink" na "drench". Akasema zamani sana, kabla Kiingereza hakijawa Kiingereza tunachokijua, mababu wa lugha hiyo nao walikuwa na njia ya kugeuza kitenzi kiwe cha kumfanyisha mwingine, kama -sha na -za yetu. Njia hiyo ilikufa kwao. Yamebaki maneno machache kama magofu ya Kilwa, na "set" ni mojawapo. "Set" ni ketisha.

Nilikaa na jambo hilo usiku kucha. Ketisha! Unaiketisha sahani mezani, unauketisha mfupa mahali pake, unaiketisha bei pale isipotikisika. Zege nalo linakuja likiwa maji, linatembea, halafu linaketi. "Let it set": liache liketi. Kama mtu angeniambia hivyo asubuhi ile ningeelewa hata kama neno lenyewe hatulitumii kwenye zege, kwa sababu mtu aliyeketi humsukumi.

Na jua? "The sun sets." Jua linaketi. Mwalimu alituuliza sisi tunasemaje, tukajibu linakuchwa, linazama. Binti wa saluni akasema kwao wanasema jua linatua. Hapo Mwalimu akaweka chaki chini. Tua, akasema, sikilizeni hilo neno. Unatua mzigo kichwani. Ndege inatua uwanjani. Jua linatua. Na ndugu zake wapo hapohapo: maji yametuama, bahari imetulia, mtu mtulivu. Wamakonde wa Newala na Wazungu wa London, wote wametazama kitu kinashuka na kupumzika, wakaona ni jambo la aina moja.

Ile ya "lay" nayo ilinigusa kama mwashi. Kwenye tofali Mwingereza hasemi "set", anasema "lay", na sisi pia tunalaza tofali. Ukimpigia mteja hesabu unamuuliza kabisa, msingi wa kulaza au wa kusimamisha? Nimelitumia neno hilo miaka 19 bila kujua kwamba upande wa pili wa dunia kuna mwashi mwenzangu anayelaza tofali zake kwa neno lenye mfupa uleule.

Kuna "set" nyingine ambayo si ya ukoo huu: seti ya vikombe, seti ya masufuria. Hiyo ilipitia Kifaransa cha zamani kutoka Kilatini, kwenye neno lililohusu kundi la wafuasi, na ikakutana na mwenzake njiani wakafanana sura. Mwalimu aliigusa kwa dakika tano tu na ilitosha.

Sasa kasoro, kwa sababu nimeahidi.

Kubwa kuliko zote ni karatasi ya visawe. Kila neno kuu lina karatasi yake, unaipiga kopi pale steshenari kwa shilingi 500, na imejaa maneno yaliyopangwa kama askari: "put", "place", "lay", "fix", "arrange", "adjust", "establish", "harden". Hakuna mfano hata mmoja. Mtu aliyekosa kipindi akiishika karatasi hiyo anaamini kwamba anaweza kuchomoa lolote akalichomeka popote. Kijana mmoja aliandika kwenye insha yake kwamba baba yake "hardened the table for the guests", kwamba baba aliifanya meza iwe ngumu kwa ajili ya wageni. Mimi mwenyewe niliandika "the cement is fixed", Mwalimu akanieleza kwamba msomaji angedhani saruji iliharibika ikatengenezwa. "Fix" huko kwao ni kukaza au kutengeneza kilichoharibika, na huku mtaani fiksi ni uongo, kwa hiyo neno hilo lina hatari pande zote mbili.

Visawe vinahitaji jirani. Ukiniambia "place" ni kuweka kwa uangalifu na "put" ni kuweka tu, nishapata pa kushika. Ukiniambia "harden" ni kuwa gumu na "set" ni kushika, hapo ndipo fundi anaamka, kwa sababu kwenye zege hayo ni mambo mawili mbalimbali. Zege linashika ndani ya saa chache, yaani linaacha kuwa uji. Ugumu wake unaendelea kukomaa siku nyingi huku unalimwagilia maji, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Anayedhani limeshashika basi limeshakuwa gumu ataondoa mirunda mapema, na slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, itawaangukia watu. Karatasi ile inayaweka maneno hayo mawili kwenye mstari mmoja kama mapacha. Nilimwambia Mwalimu, kwa heshima, baada ya kipindi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimwandikie hilo la zege ili aliongeze. Nimemwandikia. Karatasi mpya sijaiona bado.

Kasoro ya pili ni kusikiliza. Darasa linaegemea mno kwenye kuandika na kusoma, na hatari yangu mimi haikuwa kwenye maandishi. Nilihitaji kusikia sauti ya mtu anayeongea haraka, mashine ya zege ikinguruma, maneno yamemezwa nusu. Ijumaa mbili za mwisho Mwalimu alituletea sauti kwenye simu yake akazirudia mara nyingi. Ni mwanzo mzuri, lakini simu moja kwa watu 14 kwenye chumba cha mabati mvua ikinyesha haisikiki. Spika ndogo ingemaliza tatizo hilo.

Mengine ni madogo. Vipindi huchelewa kuanza kama dakika 20. Risiti hupewi mpaka uombe, na ukiomba unaandikiwa kwa mkono. Cheti hakuna, kwa hiyo kama unatafuta karatasi ya kuambatisha kwenye maombi ya kazi, hapa si pako. Msimu wa korosho ukianza, mwezi wa 10, wanafunzi hupungua sana kwa sababu watu wako mashambani na maghalani, na Mwalimu hurudia masomo kwa ajili yao wakirudi. Hilo ni jema kwao, ila wewe uliyebaki unasoma kitu mara mbili kwa ada ileile.

Kwa fundi, dereva, mtu wa mapokezi, mtu wa bandarini, yeyote anayepokea maagizo ya Kiingereza na kutakiwa kuyatenda papo hapo, nasema nenda. Nenda hata kama ulifika kidato cha sita, kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba neno lina maana yake, moja, na kamusi ikitoa mbili ya pili ni ya ziada. Pale utafundishwa kusimama kidogo na kuuliza: neno hili hapa, kwa kazi hii, linakiketisha nini, wapi?

Mwezi uliopita nilipata kazi ya slabu maeneo ya Chuno, mhandisi mgeni mwingine, kijana. Tulipomaliza kumwaga akaniambia kitu kirefu na ndani yake nikasikia "set" mara mbili. Sikutingisha kichwa. Nilimuuliza kwa Kiingereza changu: unataka tuipime tena na pima maji, au tuiache ishike? Akacheka kwa furaha, akaniambia yote mawili: kamba za ukuta wa juu tuziseti kesho, slabu tuiache ishike leo. Vijana wangu walikuwa wamesimama pembeni wakisikiliza.

Neno la mwezi ujao ni "run". Majina yanaandikwa palepale steshenari kuanzia tarehe 25. Nenda na daftari kubwa, kalamu mbili, na ufike saa 11 kamili kama unataka benchi la mbele.